Stesheni Ndani ya Sanduku

Nchi niliyozaliwa haina reli. Haikuwa nayo enzi za Wabelgiji, haikuwa nayo siku bendera ilipobadilishwa, na ninapoandika haya bado haina. Hata hivyo nilikulia katika nyumba yenye stesheni. Nyumba ilikuwa Rumonge, mtaa wa Waswahili. Stesheni ilikuwa katika chumba cha pili, ndani ya sanduku la harusi la mama yangu. Na aliyeijenga alikuwa baba yangu, seremala ambaye maisha yake yote hakupata kuona garimoshi.

Nianze na sanduku. Mama alizaliwa Kigoma, kusini mwa Rumonge kwenye ufuko uleule wa Ziwa Tanganyika, mahali ambapo reli itokayo bara inakoma kwa sababu mbele yake kuna ziwa. Baba yake alikuwa mpiga kengele wa stesheni. Mama alipoolewa alikuja kwa boti pamoja na sanduku la mninga lenye misumari ya shaba na kioo kilichobandikwa ndani ya mfuniko, ili bibi harusi ajitazame anapotoa nguo. Kwetu mtaani sanduku la namna hiyo lilikuwa na maana iliyojulikana na kila mtu. Mwanamke aliyekwenda kuwasalimu wazazi wake alibeba kikapu. Sanduku lilipotoka mlangoni juu ya kichwa cha mpagazi, hakuna jirani aliyeuliza. Ndoa ilikuwa imekwisha.

Baba hakuiamini tena desturi hiyo, na alikuwa na sababu. Kabla ya mama alikuwa na mke mwingine, mtu wa Uvira, aliyekwenda kwao na kikapu kimoja cha mihogo na asirudi. Sanduku lake lilikaa mwaka mzima chini ya dirisha, likifutwa vumbi kila Ijumaa, mpaka kaka zake walipokuja kulichukua. Baba hakutusimulia kisa hicho. Nilikisikia kwa jirani yetu muuza mawese, mwanamke ambaye hakuweza kuweka neno mdomoni kwa muda mrefu kuliko alivyoweza kushika kaa la moto.

Hadi nilipofikia umri wa miaka sita mama alikwenda Kigoma kila mwaka baada ya Ramadhani, nami mgongoni mwake, kisha mkononi mwake. Halafu ukaja Uhuru, wa kwao kwanza, na wetu miezi michache baadaye, na msafiri akatakiwa kuwa na lesepase, karatasi ya ruhusa ya kuvuka mpaka, kutoka ofisi ya Bujumbura. Baba alikwenda Bujumbura mara nyingi kununua misumari na vanishi. Alipita Minago, alipita Kabezi, alirudi na misumari, alirudi na vanishi. Lesepase hakurudi nayo.

Siku ya Uhuru wetu naikumbuka kwa harufu ya mbao. Kwa wiki tatu baba alikuwa amechonga milingoti ya bendera, kwa maana kila ofisi, kila shule na kila mwenye duka alitaka wake, na uwanja wetu ulijaa maranda hadi kifundoni. Siku yenyewe ilikuwa Jumapili. Ngoma zilikuwa zikilia upande wa soko. Baba aliingia ndani kututafuta, akamkuta mama ameketi juu ya sanduku lake, uso ndani ya kanga.

"Iko nini, Mukigoma?" Hivyo ndivyo alivyomwita, kwa utani uliokwishageuka kuwa jina. "Watu wote wanacheza huko inje, weye unalia?"

"Leo treni ya Jumapili inaingia," mama akasema. "Inaingia, na mimi siisikii."

Baba akasimama kidogo, kofia mkononi.

"Hiyo gari ya moshi iko namna gani?"

"Fundi! Miaka saba nimekaa humu ndani, leo ndiyo unaniuliza?"

Alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja. Baba alitoka akaenda kuokota mabaki ya milingoti.

Nyumba ilikuwa na vyumba viwili. Cha kwanza kilikuwa cha kupokea wageni na kuweka mbao zisinyeshewe. Cha pili kilikuwa na kitanda, mkeka wangu na sanduku. Kitu chochote kilichowekwa sakafuni kililiwa na mchwa, na kilichowekwa uwanjani kilidonolewa na kuku. Sanduku lilikuwa na miguu, mfuniko na kufuli. Baba alilipima: urefu dhiraa mbili, upana dhiraa moja kasoro wanda mbili, kina shibiri moja. Kisha akatoa nguo za mama, akazikunja vizuri kuliko zilivyokuwa, akazitundika kwenye misumari ukutani.

"Na nikitaka kusafiri?" mama aliuliza.

"Kikapu kiko."

Muuza mawese alipokuja na chupa zake akaona kinachoendelea, alipiga makofi. "Ee, fundi iko muerevu! Amejenga stesheni ndani ya sanduku ili bibi asipate pa kuweka nguo za kuondoka! Weye mama, umefungiwa na umeshukuru!"

Mama alimwambia anyamaze, achukue chupa zake. Baba aliendelea kupiga randa, masikio yamemwiva.

Namna yake ya kufanya kazi ndiyo iliyonifundisha yote niliyokuja kuyatumia baadaye, katika miaka yangu ya kazi ya kulinganisha nakala za maandishi ya watu waliokufa. Baba alikuwa na ufito wa mpingo, urefu dhiraa moja, na kila kipimo alikikata juu yake kwa ncha ya kisu, hakuandika tarakimu. Kila Ijumaa baada ya sala, karakana ikiwa imefungwa, alikaa ukingoni mwa kitanda, akamuuliza mama swali moja tu.

"Kengele ilikuwa juu kiasi gani?"

"Baba alikuwa akiinua mkono hivi."

"Baba yako alikuwa murefu kunipita?"

"Kidogo. Mpaka hapa."

Akakata alama. Baada ya mwezi aliuliza swali lilelile, kwa maneno mengine, kana kwamba amesahau. Jibu lilipolingana na la kwanza, alijenga. Lilipotofautiana, alisubiri la tatu. Mama aliona anasumbuliwa. Mimi, nilipokuja kuketi mbele ya walimu waliopima habari kwa kumpima anayeisimulia, niliona nimerudi ukingoni mwa kitanda kile.

Lakini msimulizi hawezi kutoa asichokiona, na mjenzi hujaza pengo kwa anachokijua. Baba alikuwa amejenga boti nyingi kuliko milango. Injini yake ya kwanza, aliyoichonga kwa mti wa mlingoti, ilikuwa na tumbo la mviringo na pua iliyochongoka mbele. Mama aliitazama, akakaa chini kwenye mkeka.

"Fundi, umenichongea mtumbwi wenye magurudumu!"

"Na itakata namna gani upepo?"

"Haikati. Inasukuma."

Akachonga nyingine. Kisha alizitelemsha reli hadi ndani ya maji. Maji yalikuwa ubao uliopakwa buluu ya kufulia, upande wa mbele, na kwa akili ya mtu wa ufukoni chombo kinachofika ziwani lazima kiingie ziwani. Magogo ya kutelemshia boti ndivyo yalivyo. Ilimchukua mama Ijumaa mbili kumshawishi kwamba treni inafika, inasimama, inatazama maji na kubaki nchi kavu. "Basi imekuja kufanya nini?" baba aliuliza, na nadhani alikuwa akiuliza kwa dhati.

Reli zilikuwa njiti za magurudumu ya baiskeli. Mataruma yanayolazwa chini ya reli yalikuwa vipande vya uti wa kuti la mchikichi, vimekatwa vyote kwa ukubwa mmoja na kuchovywa katika mawese yaliyochacha ili wadudu wasivipende. Mabehewa manne yalikwenda juu ya magurudumu yaliyokatwa kutoka vibiringo vya uzi wa cherehani. Yalianguka kila yalipofika mahali reli ilipopinda. Mama hakuweza kueleza kwa nini ya kweli hayaanguki. Alikuwa ameyatazama utoto wake wote na hakupata kuangalia magurudumu kwa chini. Baba alitatua kwa kuchonga mfereji katikati ya kila gurudumu, nayo yakashika njiti kama kidole kinavyoshika uzi.

Nafasi ilikuwa ndogo mno, na hapo kioo cha mfuniko kikatusaidia. Baba alizipitisha reli mbili zikielekea nyuma, zikagusa ukuta wa sanduku pale kioo kilipoanza. Mfuniko ukisimama wima, reli ziliingia katika kioo na kuendelea, na kwa mtu aliyepiga magoti mbele hakukuwa na mwisho. Huko ndiko Tabora, mama alisema. Nilikuwa nikisukuma injini hadi pua yake iguse kioo, na injini nyingine ikaja kutoka Tabora kuipokea.

Kulikuwa na stesheni yenye kengele ya kitufe cha shaba, tangi la maji, bohari, na safu ya nyumba za wafanyakazi wa reli, ambamo nyumba ya tatu ilikuwa na mlango uliofunguka kwa sababu ndiyo ya bibi yangu, mama yake mama. Kilichokosekana kilikuwa kitu kimoja, nacho ndicho mama alichokipenda kuliko vyote.

Mwisho wa reli ya Kigoma, alisimulia, kulikuwa na shimo la mviringo, na ndani yake sahani ya chuma yenye kipande cha reli juu. Injini iliyofika ikitazama ziwa ilipanda juu ya sahani ile, wanaume wakaisukuma kwa miti, na injini nzima, na moto wake tumboni, ikageuka polepole mpaka ikatazama ilikotoka. Watoto wa mtaa wa reli walikuwa wakikimbia kwenda kutazama. Bila hiyo, treni imefika lakini haiwezi kuondoka.

"Tutie na sahani," mama alisema mwaka wa kwanza.

Baba aliweka ufito wake huku na huku. "Nafasi hakuna."

"Pale kwenye kona?"

"Pale iko kopo ya gundi."

Kweli, kwenye kona ya kushoto, mbele, lilikaa kopo la maziwa ya unga, na ubao uliokuwa chini yake haukupakwa rangi kamwe. Mwaka uliofuata mama aliomba tena, baada ya Ramadhani, kwa maneno yaleyale, na jibu likawa lilelile. Ikawa hivyo kila mwaka. Barua za bibi zilikuja zikiuliza tutafika lini, baba alizisoma kwa sauti mpaka mwisho, pamoja na salamu zote, kisha akasema: "Mwaka ujao, Mungu akipenda." Mama hakugombana naye. Aliomba sahani, akaambiwa nafasi hakuna, akaenda kupika. Nilikua nikiamini walikuwa wakizungumza juu ya sanduku.

Mwanzoni mwa mwaka 1972, nilipokuwa na umri wa miaka kumi na sita, ilikuja barua isiyoandikwa na bibi. Aliyeiandika alisema bibi hainuki tena kitandani, na anapoulizwa anataka nini anasema amesikia kengele, basi tuko njiani. Baba aliisoma kwa sauti mpaka mwisho. Hakusema juu ya mwaka ujao. Aliikunja, akaiweka chini ya kofia yake, akavaa.

Wiki mbili baadaye alirudi kutoka Bujumbura bila misumari. Alikuwa na lesepase, ya mama na yangu.

Asubuhi ya kuondoka, katikati ya Aprili, alituita chumbani kabla ya chai. Alifungua sanduku. Kopo la gundi halikuwapo. Kwenye kona ya kushoto kulikuwa na shimo la mviringo, na ndani yake mfuniko wa lile kopo, umepigiliwa msumari mmoja katikati, na vipande viwili vya njiti juu yake.

"Sukuma," alimwambia mama.

Mama alisogeza injini mpaka juu ya sahani. Aliweka kidole. Injini ikageuka taratibu, bila kukwama, hadi ikayapa maji kisogo.

"Sasa inaweza kwenda," baba alisema. Kisha akaongeza: "Na ikifika kule, ile ya kweli itaigeuza tena."

"Nitarudi kabla ya mpunga mpya kuvunwa, fundi."

"Sikuuliza."

"Najua hukuuliza. Nakwambia."

Kisha akanigeukia, akanipa ufito wa mpingo, ambao sikuwahi kuuona ukitoka mkononi mwake isipokuwa wakati wa kuswali. "Weye mama," aliniambia, maana ndivyo baba zetu wanavyowaita mabinti zao, "ile sahani ya kweli uipime. Upana wake. Ukate alama hapa, uniletee. Mimi nimeitengeneza kwa masikio tu."

Tuliondoka na boti ya wachuuzi wa ndagala, dagaa wa ziwa letu. Muuza mawese alitusindikiza hadi mchangani, akipaza sauti ili mtaa mzima usikie: "Tazameni wenyewe, anakwenda na kikapu! Kikapu! Sanduku liko nyumbani!" Watu walicheka. Baba pia alicheka. Alisimama maji yakimfika kwenye kifundo, hakupunga mkono, na niliendelea kuona kofia yake nyeupe baada ya kuacha kuona nyumba.

Bibi alimwona binti yake. Hilo namshukuru Mungu. Alimshika uso kwa mikono miwili, akauliza kwa nini amekonda. Aliishi siku sita baada ya hapo.

Siku ya saba nilikwenda stesheni na ufito. Kwanza niliinama kutazama magurudumu ya behewa, nikaona kwamba kila moja lina mdomo upande wa ndani unaolizuia lisitoke relini. Nilitaka kukimbia kumwambia. Kisha nikapima sahani, dhiraa kwa dhiraa, fundi mmoja wa reli akinishikia ncha ya kamba na kuniuliza kama nimetumwa na serikali. Kwa uwiano wa nyumba na kengele, mfuniko wa baba ulikuwa umekosea kwa unene wa ukucha. Nilikata alama.

Mwezi haujaisha, boti zikaanza kufika kutoka kaskazini. Hazikubeba ndagala. Zilibeba watu, wengi wao kutoka Rumonge. Sitaeleza mauaji yaliyotokea huko. Sikuyaona, na walioyaona sikuwauliza mara ya pili, ingawa nilifundishwa kuuliza mara ya pili. Muuza mawese alifika wiki ya pili ya Mei, bila chupa hata moja. Mama alimwosha miguu. Yeye aliyekuwa hawezi kuweka neno mdomoni alikaa siku nzima ndipo akasema:

"Tulimwita fundi, mama. Boti ilikuwa na nafasi. Alisema: muke wangu akirudi akute nyumba imefungwa, atafikiri nimemufukuza. Akabaki kwenye mulango."

Baada yake hatukupata mtu mwingine aliyemwona baba.

Mama alikuwa ameitamani Kigoma miaka kumi. Sasa aliipata, na stesheni ilikuwa hatua mia tatu kutoka mlangoni, na kengele ilisikika kitandani. Hakwenda kuitazama. Kila asubuhi alichukua mkeka akaketi ufukoni, mgongo kwenye reli, uso kaskazini, akitazama kila boti mpaka abiria wa mwisho ashuke. Alifanya hivyo siku zote za mavuno ya mpunga mpya, na mavuno yaliyofuata.

Nilirudi Rumonge mara moja, baada ya miaka mingi. Niliwasalimu waliokaa katika nyumba ile kwa Kirundi, amahoro, yaani amani, wakaitikia amahoro, wakanipa kiti. Mlango ulikuwa uleule wa baba; niliutambua kwa viungio, ambavyo bado havikupitisha unyasi. Sanduku, walisema, hawakulikuta. Niliamini. Niliwashukuru, murakoze, nikaondoka.

Kilichobaki ni ufito. Nilipostaafu niliona kwamba alama zake zinatosha, kama mtu ana subira, kuichora stesheni yote kwa ukubwa wake, nami nina subira. Nilibandika karatasi juu ya meza katika nyumba ya mama Kigoma, nikaanza: ukuta, maji, kengele, tangi, bohari, nyumba ya tatu. Nilipofika kwenye njia ya kushoto nilisita. Kulikuwa na alama ya kipande cha reli, urefu shibiri moja, kilichoachana na njia kuu na kuelekea kwenye kona ya kopo. Nilikikumbuka, nilikuwa nikichezea juu yake utotoni, nikidhani ni mahali pa kuegeshea. Alama yake ilikuwa chini kabisa ya ufito, miongoni mwa zile za kwanza, zilizokwishalainika kwa kushikwa. Nilichora sahani mwishoni mwake. Ilikaa bila kugusa kitu. Baba hakuhamisha chochote mwaka ule wa 1972. Nafasi alikuwa ameiacha tangu miezi ya kwanza ya Uhuru.

Nilimwita mama, ambaye macho yake bado yalikuwa mazuri kwa vitu vya karibu, nikamwonyesha.

"Alikuwa na nafasi," nilisema. "Miaka yote kumi."

"Nilijua."

"Ulijuaje?"

"Lile kopo nilikuwa nikilifuta vumbi mimi. Halikupata kuwa na gundi hata siku moja."

"Basi kwa nini ulikuwa ukimwomba kila mwaka?"

"Alikuwa ananiwekea," mama alisema. "Ningeacha kuomba, angedhani sihitaji tena, akapaka rangi."

Aliuinamia mchoro. Alipitisha kidole juu ya reli kutoka Tabora mpaka majini, bila kuugusa mduara wa kushoto. Kisha akachukua kikombe chake cha chai, ambacho kilikuwa bado kimejaa, akakiweka polepole juu ya ile kona, kikaifunika yote.

"Kopo tuliache hapo," alisema.